Mabeseni Sita na Majina Matatu

Alhamisi. Mvua imeanza saa tisa na haina dalili ya kukoma. Stima imepotea na kurudi mara mbili. Nimekaa jikoni, chai imepoa, naandika kwa simu na kidole kimoja kwa sababu kile kingine nimekidunga sindano leo mchana. Mtu wa kushona miaka hii yote, nimejidunga kama mwanafunzi. Hiyo peke yake inatosha kueleza hali yangu.

Nimebanwa.

Kesho asubuhi Bosi anataka majina matatu. Wanawake watatu wa kuachishwa kazi, na mimi ndiye wa kuwachagua. Nimejaribu kulisema hili kwa upole kichwani mwangu tangu Jumatatu na halina upole wowote. Majina matatu, basi.

Kama umeingia hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni msimamizi wa kiwanda cha ushonaji, nje kidogo ya Busia, barabara ya kwenda Malaba. Nikisema kiwanda usifikirie mabomba ya moshi. Ni ghala moja refu la mabati, cherehani, meza mbili za kukatia, na wanawake kumi na wawili wenye maneno mengi. Tunashona kila kitu. Asubuhi unaweza kutukuta na turubai la lori lililochanika kwenye foleni ya mpaka. Saa nne tuko kwenye majoho ya kwaya. Mchana ni sketi za shule, na kabla hujakaa vizuri mtu amekuja na machozi, kuna msiba Budalang'i, hema linatakiwa kabla ya Jumamosi. Kila oda ni ndogo na hakuna inayofanana na mwenzake. Mwezi mzima unaweza kupita bila kushona kitu kimoja mara mbili.

Zamani tulikuwa vurugu tupu. Tulikuwa tunakata vitambaa vya oda zote kwa pamoja ili tuonekane tuna kazi nyingi. Marundo yalifika kiunoni. Kutoa cherehani kwenye turubai na kuiweka kwenye joho kulikuwa safari nzima: sindano nyembamba iko wapi, uzi mweupe nani amechukua, vifungo vilikuwa hapa jana. Asubuhi inaisha hujashona hata pindo. Kuna wakati kola za kanisa moja zilishonwa kwenye majoho ya kanisa lingine, Wakatoliki wakavaa za Waanglikana, na mwenyekiti wa kwaya akanipigia simu Jumapili katikati ya ibada. Wueh. Yale aliyoniambia mama yule, na akiwa ndani ya nyumba ya Mungu.

Ndipo Bosi akanipeleka Eldoret kwa mafunzo. Ni ile njia ya kuendesha kiwanda bila kupoteza muda, kitambaa wala nguvu za watu. Wenyewe wanaiita lean. Mifano yao yote ilikuwa ya viwanda vikubwa vinavyotengeneza kitu kimoja kutwa. Nikainua mkono nikauliza, na sisi tunaoshona vitu kumi tofauti kwa siku? Mwalimu akasema ninyi ndio mnaohitaji zaidi. Akasema hasara yetu haiko kwenye kushona, iko pale tunapotoka kazi moja kuingia nyingine. Nilihisi kama mtu ambaye ameambiwa jina la ugonjwa wake baada ya miaka ya panadol.

Nikarudi na kichwa kimewaka moto. Nikavuka mpaka, nikanunua mabeseni sita ya buluu upande wa Uganda. Kila oda ikapewa beseni lake. Ndani unaweka vitambaa vilivyokatwa, uzi wake, sindano yake, vifungo, zipu, na kipande cha mfano. Beseni linatembea meza hadi meza mpaka mlangoni. Likitolewa mzigo, linarudi tupu kwa mkataji, na hiyo ndiyo ruhusa ya kukata oda nyingine. Kama hakuna beseni tupu, hukati. Hata kama ni gauni la mke wa Bosi, hukati. Unakaa ungoje.

Walinicheka. Mama Amoit, mshonaji wetu wa turubai kutoka Moding, alisema hajawahi kuona kiwanda kinachoendeshwa kwa vyombo vya kuoshea watoto. Lakini wakafuata. Siku ile ya kwanza, kabla hawajagusa chochote, niliona hofu kwenye macho yao. Kila mtu hapa ana ndugu aliyefutwa kazi siku mashine mpya ilipoletwa. Kwa hiyo nilisimama mbele yao nikasema, kwa mdomo wangu huu, kwamba hakuna mtu atakayerudi nyumbani kwa sababu ya mabeseni haya. Bosi alikuwa kando yangu. Alitikisa kichwa kukubali. Wote walimwona.

Basi ikafanya kazi. Jameni, ilifanya kazi! Oda za wiki nzima zikawa zinatoka kwa siku mbili. Mahema ya matanga yalifika mapema hata wafiwa wakashangaa. Ghala likawa na nafasi ya kupita. Nilikuwa natembea katikati ya meza kama bibi harusi.

Na hapo ndipo nilipojitega mwenyewe.

Kwa sababu ukifanya kazi ya wiki kwa siku mbili, na oda ni zile zile, siku zilizobaki unafanya nini? Eldoret walitufundisha: usishone kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Ukishona tu ili mikono isikae, unarudisha yale marundo. Mtu asiye na kazi apange meza yake, apake cherehani mafuta, ajifunze mshono wa mwenzake, na akimaliza hayo, akae. Kukaa si dhambi. Niliwaambia hivyo, kukaa si dhambi, ni dalili kwamba kazi imepangwa vizuri.

Ai! Nani alinituma kusema hivyo katika nchi hii?

Mwanamke wa huku hakai na mikono mitupu. Amelelewa hivyo. Akiongea anachambua mboga, akisubiri daktari anasuka nywele za mtoto wa jirani. Sasa wewe mwambie akae kwenye stuli mbele ya Bosi, mikono mapajani, aangalie ukuta. Walijaribu siku mbili tatu, nikaona wanavyoteseka, kama watu walioitwa na chifu. Siku ya nne wakaja na nyuzi zao. Kila aliyemaliza beseni lake alitoa sindano ya kroshia kwenye mkoba na kuanza kufuma vitambaa vya makochi. Vya maua, vyenye ncha ncha, vya njano na vya zambarau. Nikafurahi. Nikaona watu wametulia. Hata mimi nikaagiza seti moja.

Ijumaa iliyopita Bosi akaingia bila taarifa, akiwa na mgeni. Beseni moja lilikuwa likitembea. Matano yalikuwa tupu mezani, yamepangwa vizuri, na mimi nilikuwa najivunia yale matano kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Na pale dirishani, kwenye mwanga, wanawake watatu walikuwa wanafuma vitambaa vya makochi huku wakicheka.

Alimwonyesha mgeni wake ghala, akamsindikiza nje, akaondoka.

Jumatatu akaniita ofisini. Bosi wetu si mtu mbaya, nataka niliandike hilo pia. Alianza kwa kuuza kamba za kufungia mizigo kwa madereva wa Malaba, akiwa anatembea kwa miguu kando ya foleni ya malori. Anajua njaa. Labda ndiyo maana hawezi kuona mtu amekaa. Akaniambia nimefanya kazi nzuri kuliko alivyotarajia, kwamba nimemwonyesha kitu ambacho hakukijua, yaani kiwanda chake kina watu watatu zaidi ya wanaohitajika.

Nikamwambia, "Bosi, tuliwaahidi."

"Wewe uliwaahidi," akasema. "Mimi nilitikisa kichwa tu."

Nikamweleza kwamba wale watu si wa ziada, kwamba muda waliouokoa ndio mtaji, tuutumie kutafuta oda mpya. Akanisikiliza vizuri kabisa mpaka mwisho. Kisha akasema nilete hizo oda. Nisipoleta kufikia Ijumaa, nimpe majina. Nani, hajali. Mimi ndiye niliyewapima kwa saa yangu mpaka nikajua nani ana kasi gani, basi mimi ndiye nitakayejua nani anaweza kukosekana.

Nilitoka mle ofisini nikaenda kusimama chooni, nikaacha bomba wazi ili nisisikike.

Jumanne nilipiga simu. Shule zote zimeshashona sare za mwaka huu. Makwaya yanangoja mavuno. Jana nikaenda Malaba mwenyewe, nikatembea kando ya malori yaliyopanga foleni mpaka huwezi kuona mwisho, nikiuliza dereva mmoja mmoja kama turubai lake halihitaji kiraka. Matope mpaka kwenye vifundo. Wengine walinisikiliza kwa heshima, dada huyu, dada yule. Turniboi mmoja, msaidizi wa dereva, akaniambia, "Madam, hapa tunangoja kusonga, si kushonewa." Wenzake wakacheka mpaka nikacheka pia, kwa sababu ningefanya nini? Nilirudi na ahadi mbili za turubai na kadi moja ya dereva wa Mombasa ambaye nadhani alikuwa ananitongoza.

Mume wangu ni wakala wa kupitisha mizigo forodhani, hapo hapo Malaba. Aliniona nikitembea kwenye foleni. Jioni akaniuliza nilikuwa natafuta nini kule, nikamwambia uzi. Uzi! Kwenye foleni ya malori! Hakuuliza zaidi. Ni mtu mwenye adabu sana akijua ninadanganya.

Sasa leo.

Leo asubuhi niliona kitu ambacho sikukielewa. Mabeseni yote sita yalikuwa yanatembea. Oda ni chache lakini hakuna beseni tupu hata moja. Yale majoho ya kwaya ya Namboboto, ambayo yalipaswa kutoka Jumanne, yalikuwa bado kwenye meza ya pindo. Nikapita nikayagusa. Mengi yalikuwa yameisha, yamepigwa pasi hata, kisha yamekunjwa na kufichwa chini ya vipande ambavyo havijashonwa. Kwenye beseni la pili, hivyo hivyo. Na la tatu.

Watu wangu walikuwa wanaficha kazi iliyokwisha.

Damu ilinipanda. Siwezi kusema uongo hapa. Miezi yote hii nimepigania dakika moja moja, na wao wanakunja majoho yaliyokamilika na kuyafunika kama watoto wanaoficha sukari. Nikavuta stuli nikakaa mbele ya Mama Amoit, kwa sababu najua hakuna jambo linalotokea mle ndani bila yeye kulijua. Eldoret walitufundisha kwamba ukiona tatizo uulize kwa nini, ukijibiwa uulize tena kwa nini, mpaka ufike kwenye mzizi. Nikaanza.

Kwa nini majoho hayajatoka? Akasema pindo zimechelewa. Kwa nini zimechelewa? Akasema mikono ya watu imekuwa mizito wiki hii. Kwa nini imekuwa mizito? Akaendelea kushona, hakuniangalia. Akasema, "Kwa sababu ikiwa myepesi tutamaliza."

Nikauliza kwa nini kumaliza ni vibaya.

Akazima cherehani. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la aibu mbele ya wageni.

"Madam, tukimaliza tunakaa. Tukikaa tunahesabiwa."

Yeye ndiye akaniongezea lile la mwisho ambalo sikuwa na moyo wa kuuliza. Ukuta wa ofisi ya Bosi ni plaiwudi. Jumatatu walisikia kila neno. Walinisikia nikisema tuliwaahidi. Walinisikia pia kule chooni, bomba likiwa wazi.

Kwa hiyo walijua siku nne nzima. Wamekuwa wakinisalimia, wakinitilia chai, wakinitania, huku wanajua nina kisu mfukoni. Na hawakukasirika, au kama walikasirika hawakunionyesha. Walichofanya ni kupunguza mwendo wote pamoja, polepole, ili nisipate mtu wa kumtaja. Mwenye kasi alimsubiri asiye na kasi. Ndiyo, walikuwa wanaharibu kazi yangu. Na ndiyo mara ya kwanza nimeona kiwanda kile kikifanya kazi kama mtu mmoja.

Mngefanya nini mahali pangu? Kama ningeacha majoho yafichwe, kesho Bosi angeona oda zimechelewa, angesema mabeseni yameshindwa, na angefukuza watu vilevile. Kama ningeyatoa, beseni tano tupu mezani, na watatu wanaenda. Kila mlango niliousukuma ulifungukia chumba kile kile.

Alasiri nikaamua kusema. Nilizima redio, nikawaambia wote wazime cherehani, nikawaambia kila kitu ambacho tayari walikijua. Sauti ilinitoka vibaya. Nikasema kesho anataka majina matatu na mimi siwezi kuyachagua, na siwezi pia kukataa, kwa sababu nikikataa atayachagua mwenyewe pale dirishani, yeyote atakayemwona amekaa. Nikaomba msamaha kwa lile neno nililowapa.

Mvua ilikuwa ndiyo inaanza.

Kisha Mama Amoit akasema, "Basi tufanye kama chama."

Hapa nieleze kidogo. Wanawake wetu wana chama, wanachanga kila wiki na mmoja anapokea zote. Lakini zamu yao haiendi kwa kura. Inaenda kwa shida. Mwenye shida kubwa anapokea kwanza, na mwenye kitu kingine cha kushikilia anangoja. Hakuna anayebishana, kwa sababu kila mtu anajua nyumba ya mwenzake hadi kwenye sufuria. Mama Amoit akasema hili ni lile lile, tuligeuze tu. Mwenye kitu kingine cha kushikilia ndiye atangulie kutoka.

Na akaanza na yeye mwenyewe. Akasema ana mihogo Moding, ana ng'ombe wawili, wanawe wamekwisha kuoa. "Mimi wa kwanza," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuitisha uzi.

Nikataka kupiga kelele. Mama Amoit! Hakuna mtu mwingine pale anayeweza kushona kona ya turubai isivuje. Akienda yeye, turubai zimeenda naye, na ndizo zinazotulisha miezi ambayo shule zimefungwa. Nikisema kwa lugha ya Eldoret, tunang'oa injini ili gari liwe jepesi. Lakini ningesemaje? Kwamba abaki yeye, aende nani?

Ajiambo wa Namboboto akafuata. Mume wake ana kinu cha kusaga mahindi, si kikubwa, lakini kinasaga. Akafuta macho kwa kipande cha joho kisha akaangalia alichofanya na kukifuta kile kipande kwa leso yake. "Mimi wa pili," akasema.

Wa tatu hakupatikana.

Walizunguka mmoja mmoja. Nabwire wa Budalang'i, ambaye ndiye mwenye mwendo wa chini kuliko wote na ambaye Bosi angemchagua bila kufikiri, shamba lake liko chini ya maji tangu mto Nzoia ulipofurika, na amepanga chumba kimoja mtaa wa Marachi na watoto wanne. Wote wakasema kwa pamoja hapana, Nabwire haondoki. Aliyekaa karibu naye ni mjane. Wa baada yake analea wajukuu. Mwingine mume yuko kitandani. Macho yalikuwa yanatembea kutoka stuli hadi stuli, na kila mahali yalipofika yalikuta nyumba isiyo na kitu kingine cha kushikilia. Yalizunguka ghala lote, kumi na wawili wote, yakaanza tena upya.

Nami nilikuwa nimesimama pale katikati yao. Mikono nimeifunga kifuani. Nina mume anayeenda kazini kila asubuhi. Nina nyumba ya matofali ambayo ni yetu. Nina karatasi ya Eldoret na diploma ya Kisumu, na kuna watu Jinja ambao waliwahi kuniuliza kama ninaweza kwenda kuwapangia kiwanda chao. Kwa kipimo kile chao, hakuna haja ya mjadala. Mimi si wa tatu. Mimi ni wa kwanza, mbele ya Mama Amoit na ng'ombe wake wawili.

Macho yao yalifika pale niliposimama na kuruka. Kila mara. Yaliruka kwa heshima, jinsi mtu anavyoruka mkeka wa mwenzake ili asiuchafue. Sijui kama hawakuwaza, au waliwaza na wakaona haya kwa niaba yangu. Nadhani Mama Amoit aliwaza. Aliokota mkasi wake akaanza kuufuta, na ule mkasi ulikuwa safi.

Hakuna aliyenitaja.

Na mimi sikujitaja.

Nilisikia maneno yakija, yalifika hapa kwenye koo kabisa. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema mvua inaongezeka, watu waende nyumbani mapema, hilo la tatu tutaliongea kesho. Wakainuka. Wakafunika cherehani. Nabwire alinishika mkono akasema, "Asante Madam, Mungu akubariki," na nikaitikia amina. Nikaitikia, fikiria!

Kabla sijafunga ghala niliitoa kazi yote iliyofichwa, majoho na nyingine, nikaiweka mlangoni, kwa sababu kwaya inayahitaji majoho yake Jumapili na haina kosa. Mabeseni nikayarudisha kwa mkataji. Yamekaa pale matano, tupu, safi, kama nilivyotaka tangu mwanzo.

Nilipofika nyumbani mume wangu aliniuliza kazi ilikuwaje. Nikasema ni uchovu tu.

Nimejitetea tangu magharibi. Nimejiambia nikitoka mimi, Bosi ataleta msimamizi asiyewajua, na huyo ataanza na Nabwire. Inaweza kuwa kweli. Nimejiambia mshahara wangu si kama wao, hesabu haitalingana, Bosi hatakubali. Pia inaweza kuwa kweli. Nimejiambia nimekijenga kile kitu kwa mikono yangu na nakipenda, napenda sauti ya ghala kukiwa na kazi, napenda kuitwa Madam. Hilo ndilo kweli kuliko yote, na ndilo ambalo singethubutu kulisema mbele ya wale wanawake waliozunguka wakifungua nyumba zao moja baada ya nyingine.

Mvua bado. Malori barabarani yamezima injini, leo hayavuki.

Kesho Bosi atasimama mlangoni na kuniuliza majina. Mawili nimepewa, na sikuyastahili. La tatu ni lile nililobatizwa nalo, na hadi sasa ninapoandika, sijui kama mdomo wangu utalitoa.